Je, Kipuri Kina Hatia?

Mzee aliingia kwenye karakana yetu saa nne asubuhi, mwezi wa Agosti 2019, amevaa koti la suti na kofia, kama mtu anayetoka kanisani siku isiyo Jumapili. Nasema "yetu" lakini ilikuwa ya Mjomba. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya mitambo, kazi hakuna, nikawa nashika tupa na kufagia vumbi la chuma nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, mahali ambapo wasee wote bado wanapaita Grogan.

Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya chuma bapa, vyeusi, vyembamba. Ukivikutanisha vilifanya umbo la V.

"Fundi, unaweza kunitengenezea nyingine kama hii?"

Mjomba ni mtu wa mikono. Kabla hajafungua mdomo alikuwa ameshavichukua, amevipima kwa kalipa, ameandika namba kwenye daftari lake na kuchora mchoro kwa penseli. Urefu, upana, unene pale kwenye kona. Kisha ndipo akauliza, "Hii ni ya nini, mzee wangu?"

"Ya bastola."

Kalamu ilisimama. Mzee hakuteremsha sauti wala hakuangalia nyuma. Alieleza kwamba bastola ni ya marehemu baba yake, aliyekuwa askari polisi wakati wa Mkoloni. Ni Webley, jina limechorwa ubavuni. Baba alistaafu, uhuru ukaja, bastola ikabaki kwenye sanduku chini ya kitanda. Springi ilivunjika zamani. Yeye sasa ni mzee, anataka kuiweka kwenye kabati la kioo sebuleni, wajukuu waione.

"Leseni iko?" Mjomba aliuliza.

"Ya kitu kibovu?"

"Na risasi?"

"Sina hata moja. Sitaki kumpiga mtu, fundi. Nataka tu iwe nzima. Nitakupa elfu tano."

Elfu tano, kwa kazi ya nusu siku. Kodi ya karakana ilikuwa imechelewa wiki mbili. Mimi nilishaanza kutafuta kipande cha chuma kinachofaa.

Mjomba alivirudisha vile vipande kwenye leso, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Mzee, kama ni ya kutazamwa, springi ya nini? Iliyovunjika pia inatazamika."

Mzee alikaa kimya kidogo, akashukuru, akaondoka. Mimi nikashika tupa kwa hasira.

*

Niseme ukweli: hasira yangu ilikuwa nusu ya pesa, nusu ya ufundi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kitu kikiharibika, kinatengenezwa. Ndiyo imani ya mtaa mzima ule. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Grogan inaishi kwa methali hiyo hata kama hakuna anayeitamka. Gari lililokufa Mombasa linafufuka Nairobi. Redio, jenereta, cherehani ya nyanya yako, vyote vinakuja vikiwa maiti na kuondoka vinatembea. Nikamwambia Mjomba, "Kwani springi imekosea nini? Springi si bunduki."

Hakunijibu. Aliwasha mashine ya lethi, na ikiwashwa hiyo hakuna mjadala.

Usiku nikanunua bando na kuanza kutafuta. Nilitaka kumthibitishia kwamba amekataa kazi ya bure, yaani kazi isiyo na dhambi. Hivi ndivyo nilivyojifunza mambo machache kuhusu rivolva za zamani.

Rivolva ni mashine rahisi kuliko inavyoonekana kwenye filamu. Kuna fremu, ambayo ndiyo mwili. Kuna mtutu. Kuna silinda inayozunguka, kwa kawaida yenye vyumba sita vya risasi. Kuna nyundo na kifyatuo, na ndani kwenye mpini kuna springi. Webley, zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, hufunguka kwa kukunjuka: unaachia kitasa, mtutu unainama mbele, na maganda ya risasi yanasukumwa nje. Springi yake kuu haijajiviringisha kama ya kalamu. Ni chuma bapa kilichokunjwa kama V. Ndiyo inayoirusha nyundo, na hiyo hiyo inasaidia kukirudisha kifyatuo mahali pake. Chuma kinachobanwa na kuachiwa miaka nenda rudi huchoka, na kikichoka hupasuka kwenye kona. Ikipasuka, kila kitu kingine kinaweza kuwa kizima na bado bastola isifanye lolote.

Kampuni ya Webley iliacha kutengeneza rivolva mwishoni mwa miaka ya 1970. Basi vipuri hutoka wapi? Marekani kuna maduka yanayonunua bastola za zamani, kuzikongoa na kuuza kipande kimoja kimoja, kama vile hapa Grogan gari moja la ajali linavyogeuka taa, milango na gia za magari kumi. Wengine wanatengeneza vipya kwa kufuata vya zamani. Niliiona springi yenyewe, kwenye picha, imepangwa pamoja na skrubu na vibao vya mpini, kwa bei isiyozidi viatu vya mtumba. Kule, kwa sheria ya taifa lao, kinachohesabiwa kuwa bunduki ni fremu, ile yenye namba. Vingine vingi ni vyuma tu.

Nikafurahi. Nikajiambia, si unaona? Springi ni chuma tu.

Kisha nikasoma sheria yetu wenyewe. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, inapoeleza bunduki ni nini, inajumuisha pia sehemu yoyote inayoiunda. Kwa hiyo kile chuma cha V kilichokuwa kwenye leso, Marekani si bunduki, na Nairobi kinaweza kumpeleka mtu mahakamani. Kitu kimoja, uzito mmoja, urefu mmoja. Wabunge wa nchi mbili walijibu swali la falsafa kila mmoja kivyake, na majibu hayafanani.

*

Swali lenyewe ni la zamani. Wagiriki waliuliza kuhusu meli ya Theseus: kama mbao zake zinabadilishwa moja moja kadiri zinavyooza, mpaka hakuna ubao wa kwanza uliobaki, je, bado ni meli ile ile? Sisi tunalijua kwa jembe. Babu amebadilisha mpini mara tatu na blade mara mbili, na bado anasema hili ni jembe alilonunua mwaka wa uhuru, na hakuna anayembishia.

Lakini nilipokuwa nalifikiria usiku ule niligundua kwamba swali la Wagiriki si swali la fundi. Wao wanauliza kama kitu kinabaki kile kile kinapobadilishwa. Mbele ya Mjomba palikuwa na swali lingine: kitu kimelala miaka sitini, na wewe ndiye unayeshika kipande kimoja kinachokosekana. Ukikiweka, ni nini kinachoamka? Na nani amekiamsha?

Niliporudi kazini kesho yake nilikuwa na hoja zangu nimezipanga.

Ya kwanza: kila kitu tunachochonga kinaweza kuua. Wiki ile ile tulikuwa tumetengeneza pini ya breki ya matatu. Tungekosea kidogo tu, watu kumi na wanne wangekuwa mtaroni. Hatukuuliza dereva leseni. Kwa nini tumuulize mzee?

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anapangusa mikono. Akasema, "Breki ikiua, imeharibika. Bastola ikiua, imefanya kazi."

Nilibisha kwamba hata panga linaua. Akasema panga lina kazi mia, kuua ni mojawapo, na halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Rivolva ya polisi wa Mkoloni haikati majani, haipasui kuni, haichinji mbuzi. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama karibu nawe.

Hoja ya pili: tusipofanya sisi, atafanya mwingine. Kuna mafundi wangapi kati ya hapa na mto? Hili hakulijibu, na nikaona nimeshinda. Lakini kadiri nilivyoendelea kulitafakari ndivyo lilivyozidi kunikera. Hoja hiyo inaweza kutetea kazi yoyote ile duniani. Haisemi chochote kuhusu springi, wala kuhusu mzee. Inasema tu kwamba mimi si wa lazima. Na mtu asiye wa lazima bado ana jina na ana mikono.

*

Kuna jambo moja katika historia ya vipuri ambalo sikulijua, na ambalo nadhani kila anayeishi kwa kuuza spea anapaswa kulijua. Wazo la spea, yaani kipande kinachoweza kutolewa hapa na kuwekwa pale bila kuchongwa upya, lilikuzwa kwa bidii kubwa kwenye karakana za bunduki. Mwaka 1785, huko Ufaransa, fundi aitwaye Honoré Blanc alimwonyesha Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani Paris, mitambo hamsini ya kufyatulia bunduki ikiwa imekongolewa, vipande vimepangwa kila aina mahali pake. Jefferson akachukua kipande chochote kilichokuja mkononi, akaunganisha mitambo kadhaa yeye mwenyewe. Ikaingiana. Aliandika barua nyumbani kueleza faida yake kwa jeshi: bunduki zikiharibika vitani, zitatengenezeka haraka.

Mwaka 1851 Samuel Colt alipeleka rivolva zake kwenye maonyesho makubwa ya London, akajisifu kwa ndoto hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba vipande vyake bado viliguswa kwa tupa na kupigwa namba ili visichanganyike, lakini ndoto ilienea. Kutoka kwenye bunduki ikaingia kwenye cherehani, baiskeli, gari, mpaka ikafika kwenye vibanda vya Barabara ya Kirinyaga.

Faida yake tunaijua, maana tunakula kutokana nayo. Lakini fikiria pia kile ilichoondoa. Zamani kipande kilitengenezwa na mtu kwa ajili ya kifaa kimoja. Fundi alijua ni cha nani na kinaenda kufanya nini. Spea haina mwenyewe. Anayeichonga hajui itaingia wapi, anayeiuza hajali, anayeinunua haulizwi. Mfumo mzima umejengwa ili asiwepo mtu wa kuuliza swali, na kwa sababu hakuna anayeuliza, hakuna anayejiona amehusika.

Rivolva ya zamani huvunja mpango huo. Webley za enzi zile zilimaliziwa kwa mkono, na kipande cha moja si lazima kiingie kwenye nyingine. Hata ukiagiza springi kutoka upande wa pili wa dunia, itabidi mtu aketi nayo, aisugue kidogo, ajaribu, aitoe, aisugue tena, mpaka nyundo na kifyatuo vikubaliane. Huwezi kuifanya kazi hiyo huku umeangalia pembeni. Unahisi kwa vidole vyako lini kimekuwa kizima. Ndiyo maana nilianza kuona kwamba Mjomba hakukataa springi. Alikataa ile dakika ambapo yeye, kwa mikono yake, angeihisi bastola imekuwa bastola tena.

Na kuna somo lingine kwenye hizo hizo Webley. Baada ya vita, nyingi za jeshi la Uingereza ziliuzwa Marekani kwa bei ya kutupa. Risasi zake za asili, za kipimo cha .455, zilikuwa adimu kule, lakini risasi za .45 za bastola ya jeshi la Marekani zilijaa kila duka. Mafundi wakakwangua nyuma ya silinda, chuma kidogo tu, ili hizo za .45 ziingie. Ziliingia vizuri kabisa. Shida ni kwamba risasi hizo za kawaida zina nguvu kuliko silinda ilivyojengwa kuhimili, na silinda inaweza kupasuka mkononi mwa anayefyatua. Kalipa ilisema sawa. Kalipa haiulizwi kitu kingine. Kuingia na kufaa ni mambo mawili tofauti, na la pili halipimwi kwa milimita.

*

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa nimeshawishika na kulala. Lakini kuna hoja moja iliyonirudisha nyuma, na haikutoka kwa mzee wala kwa Mjomba. Ilitoka kwenye historia yetu.

Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, wapiganaji wa msituni walikuwa na bunduki chache sana za viwandani. Nyingine walitengeneza wenyewe: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa nyundo, mpira au springi ya kuokota ikawa nguvu ya kuisukuma. Nyingine zililipuka mikononi mwa wenyewe. Kila komeo lile lilitolewa kwenye mlango na mtu fulani, na bomba lile lilikatwa na fundi fulani, labda kijana wa umri wangu, labda hapa hapa mjini. Je, nimwambie huyo fundi kwamba alikosea? Kwamba angemjibu anayemwomba, "Ndugu, iliyovunjika pia inatazamika"? Siwezi. Hata ulimi wangu haukubali.

Na serikali ya Mkoloni ilijua vizuri kwamba kipuri si chuma tu. Kanuni za hali ya hatari zilifanya kupatikana na bunduki bila kibali kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 na kushtakiwa Nyeri, shtaka halikuwa kwamba alimuua fulani. Lilikuwa la kupatikana na rivolva ya .38, Webley Scott, pamoja na risasi zake. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile. Bastola ya aina moja: mkononi mwa baba yake mzee ilikuwa kazi na mshahara, mkononi mwa Kimathi ilikuwa kitanzi.

Basi jibu haliko ndani ya chuma. Mtu anayesema bunduki ni mbaya tu, nukta, hajaifikiria historia yake mwenyewe. Na anayesema bunduki ni chuma tu, nukta, naye hajaifikiria. Haitoshi kuuliza kitu hiki ni nini. Inabidi uulize kinakwenda kwa nani, dhidi ya nani, na nani ataulizwa kikitumika vibaya. Fundi wa komeo, nadhani, angeweza kujibu maswali hayo matatu bila kigugumizi, na alijua bei ya jibu lake ni shingo yake. Mimi, kwa elfu tano, singeweza kujibu hata moja.

*

Mzee alirudi baada ya wiki mbili. Mjomba alikuwa ameenda Gikomba kutafuta vyuma. Nilimkaribisha chai kwenye kibanda cha jirani, nikamweleza nilichokisoma: kwamba hata hicho kipande ni kosa kukishika bila kibali, na kwamba afadhali aende polisi na wakili, aieleze, ama aisalimishe ama aulize kama inaweza kuharibiwa kisheria isipige tena kisha arudishiwe.

Akacheka kidogo. "Kijana, nikienda wataniuliza imekuwa wapi miaka sitini. Na wakiichukua hawatarudisha. Wataichoma."

Hapo hakukosea sana. Serikali imechoma maelfu ya bunduki hadharani. Mwaka 2016 na tena 2021 zilichomwa zaidi ya 5,000 kila mara, huko Ngong.

Nikamuuliza lile swali la Mjomba. Kama ni ya kabati la kioo, kwa nini iwe nzima?

Alizungusha kikombe mezani kwa muda. Kisha akasema kwamba baba yake hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akirudi nyumbani jioni, anakula, anaketi karibu na taa, anaifungua bastola, anaipangusa, anaifunga, na kabla ya kuiweka alikuwa anaijaribu bila risasi. Ka. Mara moja tu. Wao watoto, kwenye chumba kingine, waliposikia ule mlio walijua baba yupo, mlango umefungwa, sasa wanaweza kulala.

"Nimeisahau sauti yake akiongea," alisema. "Ile ya bastola sijaisahau. Nataka kuisikia mara moja kabla sijaenda."

Nakiri kwamba hoja yote ya Mjomba iliporomoka mbele yangu. Iliyovunjika inatazamika, sawa. Lakini haisikiki. Mzee hakutaka silaha, na kwa kweli hakutaka hata pambo. Alitaka baba yake. Na kitu pekee duniani kilichoweza kumrudisha kwa sekunde moja ni chuma bapa cha umbo la V, ambacho vipimo vyake vilikuwa kwenye daftari, hatua ishirini kutoka pale tulipoketi.

Nilimwambia arudi kesho. Sikumwahidi, lakini nilimwambia arudi.

Jioni nilimsimulia Mjomba yote, pamoja na ule mlio. Nilidhani atalainika. Alinyamaza sana, mpaka nikadhani hajasikia. Baba yake Mjomba, yaani babu yangu, alichukuliwa na askari hapa Nairobi Aprili 1954, kwenye ile operesheni ya Anvil, akapelekwa kizuizini Manyani. Aliporudi hakuwa yule aliyeondoka. Hilo nilikuwa nalijua kama unavyojua habari za ukoo, juu juu. Sikuwahi kulihusisha na springi.

"Huo mlio," Mjomba alisema, "hata mama aliujua."

"Kwa hiyo ulikataa kwa sababu baba yake alikuwa askari?"

"Hapana. Hata ingekuwa ya baba yangu, ningekataa." Akafunga daftari. "Lakini nisingeshangaa kumwona anaomba."

*

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka kadhaa. Mwanzoni niliona ni ukaidi wa mzee mwingine. Sasa naona alikuwa anasema mambo mawili ambayo mimi nilitaka yawe moja. Kwamba ombi la mtu linaweza kuwa safi, na bado kazi anayoomba isiwe ya kufanywa. Tumezoea kudhani tukimkatalia mtu, basi tumemhukumu. Au tukimwelewa, basi lazima tumpe. Mjomba alimwelewa na akamkatalia.

Sababu ni kwamba kipuri hakiwezi kurudisha kumbukumbu peke yake. Hakuna springi ya kurudisha ule mlio tu, ikaacha nyuma uwezo wa kuua. Kikikamilika, kinakamilika chote, kwa wote. Kwa mzee ni baba karibu na taa. Kwa nyanya yangu ni askari mlangoni. Kwa mjukuu wa mzee, kijana wa miaka kumi na saba mwenye deni na mwenye ufunguo wa kabati, ni kitu kingine kabisa ambacho mzee hatakuwepo kukielezea. Risasi hazipo leo. Risasi ni spea pia, na spea hupatikana.

Je, kipuri kina hatia? Hapana. Chuma hakina hatia, na nadhani ni uvivu kuitupia chuma lawama. Lakini hiyo haina maana kwamba hatia haipo mahali popote. Iko kwa yeyote anayejua kipande kinakamilisha nini na akajifanya hajui. Sisi tunaoishi kwa vipuri tumefundishwa kutojua. Ndiyo biashara. Ile bastola kuukuu ilitunyima raha hiyo, kwa sababu ilihitaji mikono ya mtu, na mikono ikishagusa huwezi tena kusema hukujua.

Mzee alikuja kesho yake kama tulivyokubaliana. Nilimwambia mwenyewe kwamba hatutaifanya. Nilijaribu kueleza sababu, nikashindwa katikati. Alinisikiliza, akanishika bega, akasema, "Haya, mwanangu," akaenda na leso yake kuelekea mjini. Sijui kama alimpata fundi mwingine. Kuna siku naomba asimpate. Kuna siku nyingine, na hili sijamwambia Mjomba, naomba ampate fundi, aisikie mara moja, kisha springi ivunjike tena.

Daftari bado liko kwenye droo. Ukurasa ule hauna jina la mteja wala jina la kifaa, ni mchoro wa V na namba tatu. Fundi yeyote akiukuta anaweza kuitengeneza bila kujua ni ya nini. Nimewahi kufikiria kuuchana, sijauchana. Ila tangu siku hiyo, mteja akileta kipande chochote hapa, hata kama ni cha toroli, naweka kalipa chini kwanza na kumuuliza kinatoka wapi. Wengine wanakasirika. Mmoja aliniuliza kama mimi ni fundi au ni polisi. Nikamwambia mimi ni fundi, ndiyo maana nauliza.